Ofisi ya jengo imekataa tangi langu: nichukue boksi la ovaflo la kuning'inia au nitoboe kioo?

Mtanga wa Kileleshwa

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wengine wote.

Naomba msaada wa haraka. Ofisi inayosimamia jengo letu imeniandikia barua: tangi la maji ya chumvi ama liondoke, ama lipate kibali. Na kibali hakitoki mpaka nijaze fomu ya mabadiliko ya nyumba, niambatanishe PIN ya mlipa kodi, kadi ya mgeni, na maelezo ya fundi kwamba "maji hayatashuka ghorofa ya nne". Chanzo ni jirani wa chini, dari lake limeingia doa. Doa lenyewe liko chini ya bafu letu, sebule iko upande wa pili kabisa, na keteka analijua hilo. Nimekwenda ofisini nikarudishiwa fomu kwa sababu penye namba ya kitambulisho niliandika ya pasipoti. Kadi yangu bado imekwama eFNS, ule mtandao wa serikali wa kadi za wageni, mnajua wenyewe.

Swali lenyewe: tangi ni sentimita 120 kwa 45 kwa 60, limeundwa na mafundi wa vioo wa Industrial Area, halina tundu hata moja. Sampu, yaani tangi dogo la kusafishia maji, itakaa kabatini chini yake, na boksi la ovaflo ndilo litakaloshusha maji kutoka juu ya tangi hadi humo. Nichukue boksi la kuning'inia lile la mirija ya U, ambalo kioo hakiguswi, au nitoboe mgongo niweke boksi jembamba ndani na jingine nje? Pampu ya kurudisha maji imeandikwa lita 3,000 kwa saa. Na ofisi itakubali lipi?

Bi Mkubwa wa South C

Marahaba mwanangu. Hiyo fomu usiitie saini kabla hujageuza nyuma. Mimi ofisi ya jengo nililohama ilinikata nusu ya dipoziti kwa ajili ya matundu ya chandarua, wakanionyesha saini yangu mwenyewe nyuma ya karatasi, kwa herufi ndogo kama mbegu za ufuta. Piga picha ya lile doa, keteka awepo, uandike barua uipeleke wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Neno la mdomo ofisi hizi haziliweki. Wakizidi, kuna baraza la kodi za nyumba, wapeleke huko.

Jirani wa Yaya

Bi Mkubwa, kwa heshima zote, tusimpeleke kijana mahali atakapopoteza nauli. Baraza hilo linafuata sheria ya kodi za nyumba, Cap 296, na Cap 296 inashika nyumba ya kodi isiyozidi Sh 2,500 kwa mwezi. Kileleshwa hakuna nyumba ya bei hiyo. Chake yeye ni mkataba. Asome kifungu cha mabadiliko na kile cha uharibifu, aone kama tangi lisilogongewa ukutani limetajwa popote.

Bi Mkubwa wa South C

Nimekuelewa. Ila muhuri kwenye nakala asiuache.

Mpemba wa Ngara

Salaam aleikum. Barua na mihuri mmeshamaliza, niruhusuni niingie kwenye maji, maana hapo ndipo jirani wa chini atakapolala au asilale.

Kwanza ndugu yangu aache kusoma idadi ya lita iliyoandikwa kwenye katoni ya boksi. Hapa Nairobi boksi linachaguliwa kwa jambo moja: stima ikikatika, na ikirudi saa nane za usiku wewe umelala, nini kinatokea?

Boksi la kuning'inia linafanya kazi kwa sifoni, yaani maji kujivuta yenyewe ndani ya mrija uliojaa. Maji yanapita kwenye meno ya mdomo wa boksi, yanaingia kiboksi cha ndani, yanavutwa na mrija wa U juu ya ukingo, yanaangukia kiboksi cha nje na kushuka kwenye sampu. Likiundwa sawasawa, stima ikikatika maji yanasimama pande zote mbili, midomo ya mrija inabaki imezama, sifoni haikatiki. Hofu haiko hapo. Hofu ni mapovu. Mwendo wa maji ndani ya mrija ukiwa mdogo, vipovu havisukumwi nje, vinakusanyika kwenye kona ya juu mpaka mrija unakatika pumzi. Pampu ya chini haina habari, inaendelea kupandisha maji. Kwa hiyo anayenunua boksi la mirija miwili akaliwekea pampu dogo, akidhani anajikinga, anaongeza hatari: maji yanagawanyika, kila mrija unakwenda polepole. Kuna yale yenye kipampu kidogo cha kunyonya hewa juu. Hayo nayo yanategemea kipampu cha ukubwa wa ngumi kisichopumzika, kikiziba chumvi hewa inaanza kujikusanya.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo ningeiandika kwenye fomu ya ofisi. Tangi la 120 kwa 45: kila sentimita moja ya kina ni lita 5.4. Ukiacha sentimita 3 kati ya uso wa maji na ukingo, una nafasi ya lita 16 tu. Basi chumba cha pampu ndani ya sampu kisiwe na zaidi ya hizo lita 16 za kupandishwa kabla pampu haijaanza kunyonya hewa. Ukifanya hivyo, hata sifoni ikifa, tangi linajaa mpaka karibu na ukingo, pampu inakauka, sakafu inabaki kavu. Pampu itaungua labda, lakini dari la mtu liko salama.

Upande wa pili, pampu ikizimika, maji yanarudi chini kupitia bomba lake lenyewe. Mdomo wa bomba hilo usizamishwe sana, na utoboe kitundu kidogo kwenye bomba chini kidogo ya uso wa maji, kivute hewa na kukata sifoni. Kitundu hicho kisuguliwe kwa mswaki kila unapofuta kioo, mwani hukiziba. Valvu ya kuzuia maji kurudi usiiamini, ikishika konokono mmoja haifungi. Sampu iwe na nafasi tupu ya lita 20 na ushei.

Kutoboa ni bora. Nitarudi jioni kueleza.

Mwalimu wa Rongai

Jamani mbona hakuna aliyesema kwamba Nairobi iko juu sana? Huku kwetu hewa ni nyepesi, sifoni haishiki vizuri kama Tanga. Nilivyoelewa mimi, hilo la kuning'inia lisahauliwe kabisa.

Mpemba wa Ngara

Mwalimu, hapana. Nairobi iko kama mita 1,800, ni kweli. Mwisho wa sifoni pwani ni karibu mita 10 za kupanda, hapa ni karibu mita 8. Mrija wa boksi unapanda chini ya sentimita 30. Hiyo sababu haipo, tusiwatie watu hofu isiyokuwapo.

Kinachopungua hapa ni oksijeni ndani ya maji, karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani kwa joto lile lile. Ndiyo maana ovaflo ni muhimu zaidi huku: inavuta ule utando wa mafuta juu ya maji, uso unapumua, na uchafu unafika kwenye skima, kile chombo cha kutoa uchafu kwa povu. Tangi la Nairobi lenye utando juu, samaki wanahema alfajiri.

Haya, kutoboa. Kioo cha Industrial Area kwa kawaida si tempa, yaani kilichokazwa kwa moto, isipokuwa uliagiza kipelekwe tanuru, lakini hakikisha. Washa laptopu iwe nyeupe nyuma ya kioo, vaa miwani ya jua ile ya polaroidi, utazame. Ukiona mistari au madoa ya rangi kama kivuli cha wavu, hicho ni tempa, usikiguse, kitapasuka chote vipande vidogo. Kikiwa safi, tumia biti ya almasi ya mviringo, milimita 45 kwa kiungo cha inchi moja, tangi likiwa tupu, maji yakidondoka muda wote, drili bila kupiga nyundo. Ukingo wa tundu ukae mbali na ukingo wa kioo angalau upana wa tundu lenyewe. Bonyeza kidogo sana ukikaribia upande wa pili.

Urefu wa mdomo wenye meno: Wamarekani wanahesabu galoni 65 kwa saa kwa kila inchi, yaani kama lita 100 kwa sentimita. Pampu yako ya 3,000 ikishapandisha maji zaidi ya mita moja haitoi 3,000, kwa hiyo mdomo wa sentimita 30 unatosha na kubaki. Boksi la nje liwe na mabomba matatu: la kwanza limejaa maji, lina valvu ya kurekebisha, la pili linapitisha mchirizi tu, la tatu kavu, la dharura. Hapo mapovu hayana pa kukuua. Wa mabomba mawili pia wapo na wanaishi vizuri, ila wewe una jirani chini.

Fundi Bomba wa Umoja

Mpemba kasahau la bomba. Viungo vya boksi la Marekani la inchi moja ni vya bomba la milimita 33.4 kwa nje. Hardwea nyingi watakupa la milimita 32. Linaingia, linacheza, gundi hailishiki. Uende na kiungo chenyewe mkononi.

Mtanga wa Kileleshwa

Ahsanteni sana. Ofisi sasa inauliza uzito. Na kuna mtu anatoka Tanga wiki ijayo kupitia Horohoro, nimwombe anichukulie vipande viwili vitatu vya matumbawe?

Dada wa Ruaka

USIMWOMBE. Matumbawe yote magumu yako kwenye CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, Kiambatisho cha Pili. Bila kibali cha kutoka na cha kuingia, huyo mtu mnamtia mashakani mpakani, na sisi wote tunaonekana wezi wa bahari. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi ya pwani yetu, mengine hayajarudi mpaka leo. Mimi nimekulia Pangani, najua wazee walivyokuwa wakisema mwamba wa matumbawe wa kule ulikuwa wa rangi. Nunua vipandikizi vilivyokuzwa tangini, kwa mtu mwenye karatasi.

Uzito: lita zaidi ya 300, kioo, mchanga na mawe, andika karibu nusu tani, na ueleze liko kando ya ukuta juu ya boriti.

Jirani wa Yaya

Na msishangae ofisi kudai kadi ya mgeni kwa tangi la samaki. Tangu ile amri ya Julai 2025 kule nyumbani Tanzania ya kuwazuia wageni biashara ndogo ndogo, hapa kila meza tunayosimama tunaulizwa sisi. Jumuiya ni moja kwenye pasipoti, dirishani kila mtu na kwao. Hili viongozi wa pande zote mbili walimalize, wanaoumia ni wapangaji na mama ntilie.

Bi Mkubwa wa South C

Mama ntilie wa Namanga wanateseka mno, hilo ni kweli. Ndugu yangu wa kule kafunga kibanda.

Mwalimu wa Rongai

Nashuka Mombasa Ijumaa kwa gari. Nina nafasi ya mitungi minne ya lita 20 ya maji ya bahari, atakayetaka aniandikie kabla ya Alhamisi.

Mpemba wa Ngara

Mwalimu, miwili niwekee. Uyachote maji yakiwa yanajaa, mbali na bandari na mbali na mto, na mitungi isiwe iliyowahi kubeba sabuni. Na biti ya milimita 45 ninayo, Mtanga aje kuichukua baada ya Isha.