Alinizimia maiki katikati ya neno! Eti Supa Dupa Fly ni "albamu ya kuchezea"

MtegoWaBesi

Wakuu, sijalala na silali. Mikono inatetemeka, herufi zikirukaruka mnivumilie.

Ninayemsema mnamjua. Simtaji, sina haja. Ni yule wa orodha. Yule ambaye kila mwezi anashusha "Albamu 10 zilizobadilisha hip-hop", na kila mwezi ni zilezile 10: ya nne kaipeleka ya saba, ya saba kairudisha ya nne, halafu anaandika "nimetafakari upya". Yule asiyeweza kufungua kinywa bila kusema "kihistoria". Huyo hata ukimwamsha usiku wa manane atakwambia "kihistoria, nilikuwa nimelala".

Basi jana usiku kafungua chumba cha sauti mtandaoni. Mada: nini kinaifanya albamu ya hip-hop iwe bunifu na iwe na ushawishi. Mada yangu hiyo! Nimekaa foleni dakika 50 nimenyoosha mkono. Katika hizo dakika 50 nimemsikia mtu mzima akieleza kwamba Illmatic ya Nas ni kubwa kwa sababu "ukiisikia unajua tu". Akapigiwa makofi. Mwingine akasema ushawishi ni mauzo, tuhesabu platinamu, zile tuzo za mauzo, tukalale. Makofi tena.

Zamu yangu ikafika. Nikasema: Supa Dupa Fly, Missy Elliott, Julai 1997. Kimya. Nikaanza kwa adabu kabisa, "sababu ya kwanza ni hizi biti za Timba..."

Maiki ikazimwa.

Timba, wakuu! Sikumaliza jina la mtu! Hiyo "land" imebaki kooni mpaka sasa hivi naandika. Nimekunywa maji, haishuki.

Halafu yeye, kwa ile sauti yake ya kutangaza msiba: "Hiyo ni albamu ya kuchezea. Hapa tunazungumzia albamu za kusikiliza. Anayefuata."

ANAYEFUATA!

Haya, nitasema hapa nilichonyimwa kule. Albamu ile ilirekodiwa kwa wiki kama mbili hivi, na biti ni za prodyuza mmoja, huyohuyo ambaye sikuruhusiwa kulimaliza jina lake. Mwaka 1997 redio imejaa nyimbo za miaka ya 80 zilizopakwa rangi upya. Hawa wawili wanatokea Virginia, si New York wala Los Angeles, wanaleta mdundo unaojikwaa: ngoma inagonga mara tatu pale ulipozoea mara moja, kisha kimya, kisha mdomo wa mtu unafanya kazi ya matoazi. Wanachukua wimbo wa mvua wa Ann Peebles wa 1973, wanaupunguza hadi unabaki kama ndoto. Juu yake Missy anachana, anaimba, ananong'ona, anacheka, anaacha nafasi tupu na hiyo nafasi nayo ina mdundo. Kwenye video kavaa gunia jeusi lililojazwa upepo, wakati kila mwanadada anayechana anaambiwa apunguze nguo.

Miaka iliyofuata prodyuza yupi hakujikwaa makusudi? Ushawishi kwangu ni pale watu wanaposhindwa kurudi walikotoka. Na kwa mdundo ule hakuna aliyerudi.

Eti ya kuchezea! Agosti 1973 kule Bronx, DJ Kool Herc, anayeitwa baba wa hip-hop, alikuwa anakirefusha kile kipande cha ngoma ili watu wafanye nini? Wakae waandike insha? Wacheze!

Yote hayo ningeyasema. Niliruhusiwa "Timba".

Mods, msiunganishe uzi huu na ile orodha yake.

KinandaKimya

Samahani mkuu, biti za nani? Naona umekatika.

BintiMistari

Nimecheka peke yangu kama mwehu. Pole kaka. Ila nilikuwemo chumbani mle, na "kwa adabu kabisa" hapana. Ulifungua kwa kusema "ninyi nyote hamna masikio". Hiyo mbona hujaiandika?

MtegoWaBesi

Nilisema "wengi wenu", dada. Na nilisema taratibu. Hata kama ningetukana, mtu anaachwa amalize jina kwanza ndipo anazimwa. Timba! Bora angenizimia kwenye "Missy", lile ni neno zima.

VinaNaMizani

Povu debe, hoja kijiko. Huyo wa "ukiisikia unajua tu" ni mimi, na sijutii. Ila kwa kuwa unataka maelezo: Illmatic ya 1994 ina vipande 10, haifiki dakika 40, na biti zimetoka kwa Large Professor, Pete Rock, Q-Tip, DJ Premier na L.E.S. Zamani albamu ya rap ilikuwa na prodyuza mmoja au kundi moja. Baada ya pale kila anayechana akataka kukusanya maprodyuza wakali kwenye albamu moja. Mfumo mzima ukabadilika. Hilo nalo ni la kuchezea?

MtegoWaBesi

Sasa kwa nini hukuyasema haya jana?? Dakika 50 nimekaa foleni nyuma ya "ukiisikia unajua tu"!

SanturiKuukuu

Vijana mnalia kwa kuzimiwa maiki dakika moja. Sisi mashabiki wa kundi la De La Soul tulizimiwa albamu nzima. 3 Feet High and Rising ni ya 1989. Mtandaoni imeingia lini? Machi 2023! Zile sampuli, vipande vilivyokatwa kwenye nyimbo za watu, ziliidhinishwa kwa mikataba ya kaseti na santuri, neno "mtandao" halimo, basi kila mtu kakaa juu ya karatasi yake miaka na miaka. Trugoy, mmoja wa kundi, kafariki Februari 2023, wiki chache tu kabla ya albamu kuachiwa. Hakuiona siku hiyo. Hilo linaniuma mpaka leo, ninyi nendeni na maiki zenu.

Halafu mtu anauliza mbona siku hizi hakuna ubunifu kama ule. Desemba 1991 mahakama Marekani ilimkaba mchanaji Biz Markie kwa sampuli ya mwimbaji Gilbert O'Sullivan, na jaji akaianza hukumu kwa amri ya "usiibe". Tangu hapo kila kipande unakilipia. Paul's Boutique ya Beastie Boys ina sampuli zaidi ya 100. Nani angeifuata njia ile, kwa fedha za nani? Kuna albamu bunifu zilizokosa watoto kwa sababu mlango ulifungwa nyuma yake. Hilo mleta uzi hujaligusa.

MtegoWaBesi

Mzee wangu, De La Soul nawaheshimu na Trugoy Mungu amrehemu. Lakini naomba tusitoke kwenye maiki.

KusiHaisahauliki

Tutoke tu. Mbona hamtaji Kusini ya Marekani? Orodha ya yule bwana ina New York 7, Los Angeles 2, na OutKast, wale wawili wa Atlanta, kawawekea ya 10 kwa huruma. Kama vile 1995 kwenye tuzo za jarida la The Source watu walivyowazomea OutKast waliposhinda, hadi mmoja wao, André, akasimama na kuwaambia Kusini nako kuna la kusema. Mwaka huohuo Three 6 Mafia wa Memphis wametoa Mystic Stylez: giza, besi ya mashine ya ngoma ya 808, mistari inayorudiwarudiwa mpaka unaogopa. Sikilizeni trap ya leo, hiyo rap ya besi nzito, halafu mniambie wamechukua wapi. Sijamwona mtu kwenye chumba chochote akiitaja. Ningekuwa na maiki ningezimiwa kwenye "Three".

KinandaKimya

Three nani?

SautiYaRoboti

Na mimi nina langu. Kila akitajwa Kanye na 808s & Heartbreak ya 2008, mnasema "alileta Auto-Tune, akaleta huzuni, akamzaa Drake". Sawa. Albamu ilipotoka wangapi waliinunia? Leo wote walikuwa mashabiki. Ila T-Pain alikuwa anaimba na hiyo sauti ya roboti ya Auto-Tune tangu 2005, na mlimwita kichekesho. Yeye kachekwa, mwenzake kaitwa mbunifu. Mnipe kipimo chenu, nakisubiri.

BintiMistari

Kipimo ni kwamba Kanye alijenga albamu nzima juu ya ule ubaridi. T-Pain aliitumia sauti ile kwa shangwe. Chombo kimoja, kazi mbili. Hata ile mashine ya ngoma ya TR-808, ndiyo hiyo 808 ya jina la albamu, kampuni ya Roland waliacha kuitengeneza 1983, na bado kila kizazi kinaichukua na kuigeuza. Kwa hiyo mwenye chombo si lazima awe mwenye albamu.

SautiYaRoboti

Dada umeongea vizuri na bado nimekasirika.

MtegoWaBesi

Hicho ndicho nilichotaka kusema!!! Wengi wana mashine, wachache wanaigeuza. Timbaland (nimeimaliza, mmeona, hapa imemalizika) alikuwa na vyombo walivyokuwa navyo wenzake. Mwaka 1996 kaanza na mwimbaji Aaliyah, 1997 na Missy, na 1998 kaweka sauti ya mtoto mchanga ndani ya biti. Mtoto mchanga! Huyo mtoto alikuwa na nafasi ya kusema kuliko mimi jana.

VinaNaMizani

Mzee Santuri, tuongee kidogo kuhusu hao De La Soul wako. Si ndio waliotuletea skiti, vile viigizo vya katikati ya nyimbo? Kile kipindi cha maswali na majibu ndani ya albamu. Kwao kilikuwa kizuri, nakubali, Prince Paul, prodyuza wao, alikuwa na akili. Lakini baada yao kila mtu akaweka skiti. Miaka ya 90 yote: simu inalia, mlango unagongwa, mtu anapigwa risasi, mtu anakojoa, ndipo wimbo unaanza. Nimepoteza sehemu ya ujana wangu kubonyeza kitufe cha kuruka. Huo nao ni ushawishi?

SanturiKuukuu

Ni ushawishi, ndiyo. Mzazi halaumiwi kwa mtoto wa jirani. Na enzi za kaseti hatukuruka. Tulisikiliza, tukazikariri. Ninyi mnaoruka ndio mmeharibu.

KusiHaisahauliki

Skiti afadhali. Tatizo la leo ni albamu ya nyimbo 25. Desemba 2014 Billboard, wale wa chati, walianza kuhesabu mitiririko 1,500 (nyimbo kusikilizwa mtandaoni) kama albamu moja iliyouzwa, kiwango wamekibadilisha baadaye, watu wakashtuka: kumbe nyimbo zikizidi hesabu inazidi. Sasa mtu ana nyimbo sita nzuri na 19 za kujazia. Nimesikiliza moja juzi, nimeanza kijana nimemaliza mzee.

BintiMistari

Amina. Hakuna anayekata tena. Madvillainy ya MF DOOM na Madlib, 2004, ina vipande 22, vingi ni vya dakika mbili au pungufu, DOOM anachana karibu hakuna kiitikio, wimbo unaondoka wewe bado unautaka. Wingi siyo shida, shida ni kukaa mahali ambapo shughuli imeisha.

MtegoWaBesi

Nakubaliana kuhusu urefu, kabisa, ila turudi. Kuna mtu amemwona yule leo? Ameandika chochote? Ameomba radhi?

SautiYaRoboti

Urefu peke yake si kosa. All Eyez on Me ya 2Pac, 1996, diski mbili, nyimbo 27. Nani anailalamikia?

VinaNaMizani

Mimi. Diski ya pili ningeipunguza nusu.

SanturiKuukuu

Kijana, rudia hiyo sentensi polepole.

VinaNaMizani

Nusu. Na nitataja nyimbo moja baada ya nyingine.

KusiHaisahauliki

Usizitaje hapa. Fungua uzi wako.

VinaNaMizani

Nafungua sasa hivi. Njooni wote.