Tupeane uzoefu: mgonjwa akiuliza sonona imetoka wapi, mnamjibuje?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Niko kliniki ya afya ya akili, kituo kimoja huku Chamwino. Mtu akishaambiwa ana sonona, swali linalofuata ni hilo. Mimi namrudishia: wewe unadhani imetoka wapi? Juzi mama mmoja akanijibu, "Ni mkono wa mtu, mwanangu." Sikumbishia. Nikamwachia aendelee. Mtama umekauka shambani misimu miwili mfululizo, mume kafariki, usingizi unakata saa tisa usiku, na marehemu mama yake aliwahi kujifungia ndani hivyo hivyo. Hapo ndipo nikaanza somo: kuna cha ukoo, kuna yaliyokukuta, kuna cha mwili wenyewe, na mara nyingi vinakuja pamoja. Tukampima wingi wa damu, maana upungufu nao huleta uchovu unaofanana na huu. Tezi ya shingo pia, japo kipimo chake mpaka mjini.

Zabibu Chungu: Mimi niliambiwa "kemikali za ubongo zimepungua", nikapewa vidonge, next! Hakuna aliyeuliza kwamba nimefukuzwa kazi. Baadaye nesi mmoja akanifafanulia kuwa mapitio makubwa ya tafiti, ya 2022, hayakupata ushahidi thabiti kwamba serotonini, moja ya hizo kemikali za ubongo, ikipungua ndiyo sonona. Dawa inawasaidia wengi hata hivyo. Panadol inatuliza kichwa, lakini hakuna anayeumwa kichwa kwa kukosa Panadol. Nikaendelea kumeza, safari hii nikijua.

Mtoto wa Nzuguni: Kwetu walisema sina imani. Kesi imefungwa 😂

Baba Wawili: Mke wangu alianza baada ya kujifungua. Mama akasema mvivu. Daktari alituita sote watatu, akaeleza homoni zinavyoshuka ghafla baada ya uzazi na kukesha kunavyoongeza. Mama alitoka kimya. Jioni akambeba mtoto mwenyewe. Ila ilipotajwa rufaa ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ukoo mzima ulilia kama msiba!

Zabibu Chungu: Mleta mada, na anayetaka kwenda kwa mganga?

Mleta mada: Simkatazi, atanificha. Namwuliza anakunywa nini huko, maana mitishamba mingine inagombana na vidonge. Namwambia asiache dawa ghafla, na kwamba wiki mbili za mwanzo anaweza asione nafuu. Kuhusu kujidhuru nauliza waziwazi, kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Kisha namwomba arudi na mtu wa nyumbani.