Ushauri: tasnifu yangu kuhusu mkakati wa Ujerumani imekwama

Mzamili:
Wakuu, habari za jioni. Tasnifu yangu ya uzamili inauliza kwa nini Ujerumani, yenye uchumi mkubwa kuliko wote Ulaya, husubiri tukio ndipo ibadili sera. Mwaka 2021 zaidi ya nusu ya gesi waliyoagiza ilitoka Urusi. Mpaka Ukraine ivamiwe Februari 2022 ndipo Scholz, Kansela (mkuu wa serikali) wa wakati huo, akatangaza mfuko wa yuro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi. Nimeandika sura nzima kwamba chanzo ni kivuli cha Vita Kuu ya Pili. Msimamizi kairudisha: "Hii inaeleza woga, haielezi kuchelewa." Nimebakiwa na miezi miwili na usingizi sina. Nianzie wapi?

Kisiki:
Pole mkuu. Historia usiitupe, ipunguze. Onyesha ilivyogeuka kuwa sheria: mwaka 1994 Mahakama ya Katiba iliamua jeshi lisipelekwe vitani nje bila idhini ya Bundestag, yaani bunge lao. Kurasa tano zinatosha.

Dada wa Bonn:
Mdogo wangu, msimamizi wako yuko sahihi. Soma kifungu cha 65 cha Sheria ya Msingi, yaani katiba yao. Kansela anatoa mwelekeo, lakini kila waziri anaendesha wizara yake kwa mamlaka yake. Sasa weka juu yake serikali ya mseto: kuanzia 1966 hadi 2025, karibu miaka yote, Wizara ya Mambo ya Nje ilishikwa na chama kisicho cha Kansela. Yaani wanaopaswa kuandika mkakati pamoja ndio watakaonyang'anyana kura uchaguzi ukifika. Mkakati wao wa kwanza wa usalama wa taifa ulitoka Juni 2023, na humo humo wakaandika kwamba wanakusudia kuutekeleza bila kuongeza mzigo wa bajeti! Naishi huku, na mstari ule uliniuma.

Mtazamaji:
Naongezea kwa Dada. Chukua Baraza la Usalama la Taifa, chombo cha kuwakutanisha Kansela na mawaziri juu ya usalama, liwe kisa chako. Mwaka 2023 Scholz na waziri wake wa mambo ya nje, Baerbock, vyama tofauti, hawakuafikiana, wazo la kuliunda likafa. Mwaka 2025 Kansela Merz na waziri wake wa mambo ya nje, Wadephul, wote wa chama cha CDU, likaundwa. Nchi ile ile, historia ile ile.

Mzamili:
Mtazamaji, umenifungua macho. Kwa hiyo niseme chama kimoja ndicho kilichobadilisha mambo?

Dada wa Bonn:
Usikimbilie huko. Kati ya miaka hiyo miwili Trump alirudi madarakani, na Machi 2025 Bundestag ililegeza ukomo wa madeni ya serikali uliomo kwenye katiba, kwa matumizi ya ulinzi. Msimamizi atakuuliza hayo kabla hujakaa. Tafuta taarifa za mwaka 2023 uone mvutano ulikuwa juu ya nini hasa: hatari yenyewe, au baraza likae ofisi ya nani. Ukikuta ni ofisi, hoja kwamba mseto ndio unaochelewesha imesimama.

Mzamili:
Naanza na hizo kesho asubuhi. Asante sana dada.