Mjadala: Je, anayesomea uchumi wa Asia Mashariki alazimishwe kujifunza lugha?

Mwanzisha mada: Katika shahada zinazounganisha uchumi, biashara na masomo ya Asia Mashariki, saa nyingi huenda kwenye Kichina, Kijapani au Kikorea, huku takwimu na ekonometriki, yaani kupima nadharia za uchumi kwa takwimu, zikisongwa pembeni. Naomba tujadili iwapo lugha ibaki kuwa ya lazima au iwe ya hiari.

Mhitimu wa uchumi: Iwe ya hiari. Chuo kinachowaandaa wanadiplomasia wa Marekani hukadiria saa 2,200 za darasani ili mzungumzaji wa Kiingereza aweze kufanyia kazi mojawapo ya lugha hizo, na sioni shahada ya miaka 3 au 4 inayoweza kutoa muda huo bila kuidhulumu hisabati. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 1993 kuhusu ukuaji wa Asia Mashariki inasomeka bila kujua herufi hata moja ya Kichina. Anayependa lugha aende idara ya fasihi. Hata istilahi tunazoambiwa hazitafsiriki, kama vile zaibatsu ya Kijapani na chaebol ya Kikorea, yaani kundi kubwa la kampuni za familia moja, ni neno moja linalotamkwa kwa namna mbili.

Mkufunzi wa historia ya uchumi: Ndugu yangu, hayo mengine nayaacha, ila sentensi yako ya mwisho siwezi kuipita kimya. Ni kweli kwamba maneno hayo huandikwa kwa herufi zilezile mbili za Kichina, lakini zaibatsu za Japani kama Mitsui na Sumitomo zilimiliki benki zao zenyewe, ilhali chaebol za Korea Kusini zilikua chini ya serikali ambayo, baada ya mapinduzi ya 1961, ilizitwaa benki na kugawa mikopo kwa kutazama nani ameuza bidhaa nje ya nchi. Mwenye benki yake hana sababu ya kumnyenyekea waziri, na asiye nayo hutii au hufilisika. Hiyo ni tofauti ya kiuchumi kabisa, nawe umeizika chini ya matamshi.

Mhitimu wa uchumi: Tofauti hiyo naikubali, lakini yote uliyoyasema yamo katika vitabu vya Kiingereza, kwa hiyo umeithibitisha hoja yangu. Isitoshe, kama sikosei, zaibatsu zilikwisha kuvunjwa kabla ya vita.

Mkalimani wa mikutano ya biashara: Zilivunjwa baada ya 1945, Japani ilipokuwa chini ya majeshi ya Washirika yaliyoongozwa na Marekani. Lililoniuma mimi ni huko kutupeleka idara ya fasihi. Niliwahi kumtafsiria mtu mwenye shahada nzuri ya biashara, na wenyeji wake Wajapani walipomwambia «kentō shimasu», yaani «tutalitafakari», aliandikia ofisi yake kwamba mkataba uko karibu. Maneno niliyatafsiri kama yalivyo, kwa kuwa kazi yangu hainiruhusu kuyaongezea, lakini aliyewahi kukaa na lugha ile angesikia kwamba huenda mlango unafungwa kwa upole. Mkataba haukuja.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Kikorea na uchumi: Naomba mnisikilize wakubwa zangu, kwa sababu mnabishana juu ya ratiba ninayoiishi. Herufi za Kikorea, zilizobuniwa mwaka 1443, nilizishika kwa siku chache, na wepesi huo ukanidanganya, kwani hadi leo taarifa ya fedha ya kampuni naisoma kwa kamusi. Hata hivyo naisoma, na huwa natazama kwanza maelezo ya chini yanayoonyesha kampuni za kundi moja zikidhaminiana mikopo, kwa kuwa ugonjwa huo ndio uliozivuta nyingi pamoja katika msukosuko wa fedha wa Asia wa 1997. Upande wa pili, mtihani wa ekonometriki nimeufanya mara mbili. Sitaki lugha iondolewe, bali naomba mwaka mmoja zaidi.

Mkufunzi wa historia ya uchumi: Mwanangu, ombi lako ni la haki, na mwaka huo ungefaa kusomewa kulekule Korea.

Mhitimu wa uchumi: Basi swali limegeuka, nami nalikubali lilivyo sasa: ada ya mwaka huo ataibeba nani? Ikimwangukia mwanafunzi, kozi hii itabaki kwa wenye nacho, na hilo nitalipinga kwa nguvu kuliko nilivyoipinga lugha.