Tunalipia msaada wa seva ya barua pepe, tunaletewa kiungo kilichokufa

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Niko Mbale, natunza mitambo ya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Tuna mashine inayotumia UNIX, mfumo wa kuendeshea seva, iliyonunuliwa mwaka 2006, na barua pepe zetu zote hupitia Sendmail, programu ya kusafirisha barua iliyokuja nayo, toleo la 8.13, ambalo waliotuuzia mashine walilirekebisha kwa namna yao. Kila mwaka tunawalipa ada ya msaada, tena kwa dola. Hiyo ni pesa ya mkulima anayeshusha gunia kwa mgongo kutoka Mlima Elgon.

Novemba, mavuno yamechanganya, barua za kwenda kwa mnunuzi wetu Ujerumani zikaanza kukwama. Ukipiga mailq, amri ya kuonyesha barua zinazongoja, unaziona zimepanga foleni, kila moja inalalamika kwamba TLS, yaani kuifunga barua kwa siri ikiwa njiani, imeshindikana. Kwa kawaida Sendmail humwonya mtumaji baada ya saa 4, na zikipita siku 5 humrudishia barua yake. Katibu wetu, mama wa watu, akarudishiwa hati za kontena lililokwisha ondoka kwenda Mombasa. Mwenyekiti akaniita mbele ya wajumbe akaniuliza nilikuwa wapi siku zote tano.

Nilikuwa nasubiri jibu! Tiketi, yaani ombi la msaada kwa waliotuuzia, niliifungua siku ya kwanza. Jibu lilikuja siku ya 9: kiungo kimoja tu. Nakifungua, ukurasa haupo. Miongozo ya mashine za zamani wameiondoa kwenye tovuti yao, na wanaojibu tiketi hawajaambiwa.

Nikaandika tena. Safari hii wakaleta PDF ya toleo jingine kabisa, na maagizo: nakili kanuni hizi, bandika ndani ya sendmail.cf, faili la mipangilio ya Sendmail. Aliyewahi kuligusa faili lile anajua kwamba katika mstari unaoanza na R, yaani kila kanuni, upande wa kushoto na wa kulia hutenganishwa kwa alama ya kitufe cha Tab. Nafasi za kawaida hazikubaliki. PDF yao imegeuza Tab zote kuwa nafasi. Nikabandika, Sendmail ikaukataa mstari wa kwanza ikidai Tab. Aliyeutoa mwongozo huo hajawahi kuujaribu, hata mara moja. Jibu la tatu likawa bei ya mashine mpya.

Chanzo nilikitafuta mwenyewe. Mashine yetu inaishia TLS 1.0, ambayo ilistaafishwa rasmi Machi 2021, na mnunuzi ameacha kuipokea. Hapo simlaumu mtu. Lakini seva ya mnunuzi ikitangaza TLS, Sendmail yetu hujaribu, ikishindwa haitumi bila TLS. Inairudisha barua kwenye foleni, kisha inajaribu vilevile, na kushindwa vilevile, mpaka siku 5 ziishe. Dawa ni mstari mmoja kwenye faili la access, lenye maagizo ya kila kikoa: Try_TLS, nukta pacha, jina la kikoa, halafu NO. Unapiga makemap, amri ya kuligeuza faili hilo Sendmail iweze kulisoma, basi. Barua inakwenda bila kufungwa, kwa hiyo ni ya kuvukia tu, lakini inakwenda. Maelezo hayo yamo ndani ya cf/README, faili linalotolewa bure pamoja na Sendmail yenyewe. Kwenye kifurushi cha hawa tunaowalipa halimo.

Na hata baada ya kuijua dawa sikuweza kuitumia. Sendmail.cf huwa haiandikwi kwa mkono. Unaandika faili fupi la .mc, na programu iitwayo m4 inakutengenezea refu. Fundi wao alikuja hapa miaka ya nyuma akalihariri refu lenyewe, akaondoka bila kuacha .mc wala karatasi yenye maelezo. Sehemu ya kusoma faili la access haikuwashwa. Usiku mbili nimekaa na cf/README kwenye simu, nikisoma kanuni za fundi yule moja moja kujua ipi ina kazi, ndipo nikaandika .mc mpya. Barua zikaondoka alfajiri ya pili, zote.

Najua mtaniambia nihamie Postfix, programu nyingine ya barua. Ndiyo, seva ndogo ya Linux itakayosimama mbele ya hii kongwe imo kwenye bajeti. Lakini programu ya mizani na malipo ya wakulima inaishi humohumo kwenye mashine ya zamani na hutuma stakabadhi kupitia Sendmail hiyohiyo, hivyo haizimwi kesho. Na mkataba wa msaada umetaja toleo letu kwa namba! Kama hawalijui tena, waache kupokea ada yake.

Ninachodai kwao nimekwisha kiandika kwa barua yenye mhuri wa chama: miongozo ya toleo letu irudishwe, hata kwa faili za maandishi matupu, na tiketi ijibiwe na mtu aliyewahi kuingia kwenye mashine ya aina hii.

Kwenu wakuu, ombi moja. Mwenye vitabu vya karatasi vilivyokuja na mashine za UNIX za mwaka 2005 hadi 2008, awe Kampala, Jinja, Tororo au ng'ambo ya mpaka Eldoret, aniandikie hapa. Fotokopi nitalipa, na nauli ya basi ya kuvifuata nitatoa mfukoni mwangu.