James Gillray: mtetezi wa uhuru wa kukosoa au kalamu ya kukodi?

Kibatari
Habari wakuu. Vikaragosi vya siasa vikizungumzwa popote, jina la James Gillray wa London halikosekani. Alizaliwa 1756, akafa 1815, na katikati ya hapo aliwachora wakubwa wa Uingereza bila kumwonea mtu haya: mfalme George III, mwanamfalme, waziri mkuu, wapinzani, wote. Kinachonikera ni hiki: kuanzia 1797 serikali ya William Pitt ilimlipa kwa siri, pauni 200 kwa mwaka, na mpango huo ulipitia mikononi mwa George Canning, mwanasiasa kijana wa upande wa Pitt. Baada ya hapo moto wake ukaelekea zaidi kwa Charles James Fox na wenzake wa upinzani. Sasa huyu tunamwita mtetezi wa uhuru kwa msingi gani? Kwangu ni msemaji wa serikali mwenye mkono mzuri. Wachoraji wengi ndivyo walivyo, njaa ikibisha hodi kalamu inageuka.

Mwana Mkunguni
Ungeishia kwa Gillray ningekusoma kwa utulivu. Hilo la "wachoraji wengi ndivyo walivyo" umelitoa wapi? Mimi naishi kwa kuchora na sentensi hiyo imenigusa.

Unaijua kazi ya bamba moja? Shaba inapakwa nta, mchoraji anachora kinyume kwa sindano, maana karatasi itageuza kushoto kuwa kulia, na maandishi pia anayaandika kinyume. Bamba linatiwa tindikali, linapakwa wino, linafutwa, linabanwa na karatasi mbichi kwenye mashine ya kusokota kwa mkono. Za rangi zilipakwa moja moja kwa brashi. Gillray aliishi juu ya duka la mchapaji wake, Bi Hannah Humphrey, mtaa wa St James's, na watu walijazana dirishani kutazama bure, kwa sababu shilingi moja ya picha isiyo na rangi ilikuwa sehemu kubwa ya ujira wa siku wa kibarua. Usilete habari za njaa kwa mtu wa kazi ya namna hiyo.

Kibatari
Mkuu sijakutaja wewe. Nimesema wengi. Na ugumu wa kazi haumsafishi mtu, hata mwandishi wa hotuba za mtawala anachoka.

Mwana Mkunguni
Umetaja fani nzima, na mimi nimo ndani ya fani. Omba radhi kwanza ndipo tuendelee.

Nanga Butu
Muombane radhi baadaye. Mleta mada ameruka mwaka mzima. Januari 1796 Gillray alikamatwa. Mwanamfalme alikuwa amepata mtoto wa kike, Charlotte, na Gillray akachora mtoto analetwa, baba yake anayumba kwa pombe, Fox na Sheridan, mwenzake wa upinzani, wameinama wanambusu mtoto makalioni. Kwa kuwa picha ilifanana na ile ya mamajusi na mtoto Yesu, akashitakiwa kwa kukufuru. Kumbukeni 1795 Bunge lilikuwa limetoka kupitisha sheria mbili za kubana mikutano na maneno ya uchochezi, na miaka michache kabla William Holland, mwenye duka la vikaragosi, alishafungwa gereza la Newgate kwa kuuza maandishi ya Thomas Paine, mwandishi mtetezi wa mapinduzi. Mtu wa aina hiyo, kesi yake haijapoa, analetewa pensheni na watu walewale wenye magereza. Mnaita rushwa? Mimi naona kamba shingoni.

Halafu tusimnyime haki yake. Ndiye aliyemchora Napoleon kama alivyokuwa, mfupi mwenye kiburi, na Ulaya yote ikacheka.

Mtoto wa Gerezani
Kama alivyokuwa? Napoleon hakuwa mfupi!

Nanga Butu
Futi 5 na inchi 2, iko kila mahali.

Mtoto wa Gerezani
Inchi 2 za Kifaransa, ndugu yangu. Inchi ya Kifaransa ya enzi zile ilikuwa ndefu kuliko ya Kiingereza. Ukibadilisha unapata kama mita 1.68, mtu wa kawaida kabisa kwa wanaume wa wakati wake. Huo ufupi unaouimba ndio kazi ya Gillray. Tangu 1803 alimchora kibwengo mwenye kofia kubwa na buti zinazommeza, anapiga teke fanicha kwa hasira kama mtoto aliyenyimwa. Miaka mia mbili baadaye wewe unaibeba propaganda ya vita kama kipimo cha daktari.

Nanga Butu
Kuna walinzi wake wa Kifalme pia, warefu. Pembeni yao mtu yeyote ni mfupi. Kwa hiyo Gillray hakudanganya, alichora kilichoonekana.

Mtoto wa Gerezani
Alichora kilichoonekana wakati hajawahi kumwona? Gillray alikuwa London!

Msomi wa Ukutani
Huo ufupi una kazi yake ndani ya picha, na inabidi mtazame picha yenyewe. Chukueni ile ya pudini, Februari 1805. Meza moja, viti viwili, katikati pudini ya mviringo ambayo ni dunia, inatoa mvuke. Pitt kakaa kushoto, mrefu, mwembamba kama ufito, sare ya kijeshi, anakata kwa utulivu kipande cha bahari upande wa magharibi, pamoja na visiwa vya Karibi. Napoleon kulia hafiki mezani, kanyanyuka kwenye kiti, macho yametoka, anakata Ulaya kwa upanga na uma wake umechoma Hanover, nchi ya asili ya ukoo wa mfalme wa Uingereza. Sasa niambieni nani kasifiwa hapo. Pitt anachukua kipande kikubwa zaidi, na yeye pia anakula dunia ambayo si yake. Pitt alijiuzulu 1801 na pensheni ikakoma, alirudi madarakani 1804, na hii ndiyo picha aliyopewa.

Na kabla ya pensheni, Mei 1797, Benki ya Uingereza imesitisha kulipa dhahabu, Gillray anachora bibi kizee aliyevaa gauni la noti, kakalia sanduku lenye kufuli, anapiga yowe, na Pitt anamkumbatia huku mkono umeshaingia mfukoni mwake. Hadi leo Waingereza wanaiita benki hiyo bibi kizee wa mtaa wa Threadneedle. Mchoraji wa kukodi haachi jina linaloishi hivyo.

Kibatari
Ahsante kwa kunisaidia. Umesema mwenyewe "kabla ya pensheni". Mei 1797 alimshika Pitt koo. Baada ya hapo je?

Dada Chausiku
Kurasa mbili tunapima urefu wa kaizari wa Wafaransa na kuhesabu pauni za Pitt. Mimi nauliza, vicheko hivyo vilimwangukia nani? Mnaongea kana kwamba waliochorwa wote walikuwa wakubwa.

1810 Sarah Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini, alikuwa anaonyeshwa kwa kiingilio pale Piccadilly. Wapinga utumwa wakapeleka shauri mahakamani Novemba, mahakama ikaridhika kwamba yuko kwa hiari yake, likaisha. Wachoraji walifanya nini? Waliuchora mwili wake kuwakejeli wanasiasa wa kundi la Grenville, kwa sababu kundi hilo lilikuwa na jina la utani la makalio mapana. Hakuwa amemkosea mtu, alikuwa ametumika kama kifaa cha utani wa wabunge. Alikufa Paris 1815, mwaka uleule aliokufa Gillray wenu, na mabaki yake yalirudishwa kwao 2002. Huo nao ni uhuru wa kukosoa?

Mwana Mkunguni
Dada, ile si ya Gillray, ni ya William Heath. Usimtwishe marehemu mzigo wa mwenzake. Gillray mwenyewe Aprili 1791 alichora msimamizi wa shamba la miwa Karibi anamsukumizia mtumwa kwenye pipa la juisi inayochemka, na nyuma ukutani umepigiliwa mkono wa mtu mweusi kama ngozi ya mnyama aliyewindwa. Kisa hicho kilisimuliwa Bungeni na mbunge Philip Francis, mwezi huohuo hoja ya mbunge Wilberforce ya kukomesha biashara ya watumwa ikaangushwa kwa kura 163 dhidi ya 88. Siku chache tu baada ya wabunge kusema hawajashawishika, picha ilikuwa dukani.

Dada Chausiku
Na haukupita mwaka, Machi 1792, huyohuyo akawachora mfalme na malkia wanakunywa chai bila sukari, mabinti wamenuna, kuwadhihaki waliogomea sukari ya watumwa. Kwa hiyo leo mtumwa anachemshwa, kesho anayekataa sukari yake anachekwa. Kwa mwenye duka zote mbili ni shilingi.

Mwana Mkunguni
Ile inamcheka mfalme kwa ubahili! Anafurahi kwamba dhamiri imempunguzia gharama za chai. Ndiyo ukali wa Gillray, anamwona mnafiki hata kwenye jambo jema.

Dada Chausiku
Na wa kwenye pipa yuko wapi kwenye hiyo chai? Wewe unalinda fani, mimi naulizia watu.

Nanga Butu
Fani imeguswa tena. Tutarudi kwenye njaa sasa hivi.

Kibatari
Naomba turudi kwenye hoja. Pesa. George Cruikshank, kijana aliyerithi soko la Gillray, 1820 alisaini risiti ya pauni 100 akiahidi kutomchora mfalme George IV katika hali yoyote ya aibu. Risiti ipo. Hapo hakuna kamba shingoni wala kesi.

Msomi wa Ukutani
Alisaini Juni. Agosti mwaka huohuo akachora michoro ya kijitabu cha William Hone kilichomwonyesha mfalme yuleyule mlevi, hawezi kukaa wima kitini. Alikula pesa na akaendelea. Na Hone ndiye aliyeshitakiwa mara tatu ndani ya siku tatu, Desemba 1817, kwa tashtiti zake, akajitetea mwenyewe na baraza la wazee wa mahakama likamwachia mara zote tatu. Ukoo wa kifalme ulikuwa ukizinunua picha hizo hata zinazowatukana, mwishowe mkusanyo wao ukauzwa kwa Maktaba ya Bunge ya Marekani, 1921. Pesa haikuzima moto.

Dada Chausiku
Cruikshank huyohuyo 1819 alichora karamu ya Waafrika na Wilberforce, kila mweusi humo amegeuzwa mlevi au hayawani, kusudi kuwachafua wapinga utumwa. Hiyo hakuna aliyemlipa anyamaze. Mfalme alikuwa na pauni 100 za kujikingia. Waliochorwa kwenye ile karamu walikuwa na nini?

Mnataka picha ya enzi ile yenye ujasiri? Iko kwenye chapa za sura, zilizouzwa sambamba na vikaragosi. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, aliweka sura yake mwanzoni mwa kitabu chake 1789, koti zuri, Biblia mkononi imefunguliwa Matendo ya Mitume 4:12. Ignatius Sancho, mwenye duka la vyakula Westminster, Mwafrika aliyepiga kura 1774 na 1780, mara ya pili akimpa Fox huyohuyo mnayemtaja, sura yake ilichongwa na Bartolozzi kwa ajili ya barua zake zilizotoka 1782. Makumbusho yakitundika ile karamu ya Cruikshank bila Sancho pembeni yanatuchekesha kwa gharama yetu wenyewe.

Mwana Mkunguni
Ukianza kupanga nani atundikwe na nani, umekuwa Canning. Chapa za sura zilikuwa za kuuza heshima, anayelipa anachorwa mzuri. Huyo Sancho alikuwa mtumishi wa nyumba ya kitajiri, mabwana zake ndio waliomfikisha kwa mchoraji Gainsborough.

Dada Chausiku
Alichorwa 1768 akiwa bado mtumishi wa nyumba ya Montagu, na Gainsborough hakumvika sare ya utumishi. Kizibao chekundu chenye pindo la dhahabu, mkono ameuingiza ndani ya kizibao kama walivyochorwa mabwana, uso ameugeuza pembeni, ana mawazo yake. Nionyeshe kikaragosi kimoja cha London ya wakati ule kinachomtazama Mwafrika hivyo, cha Gillray au cha yeyote, ndipo uniambie mimi ndiye Canning.