GPS na ramani ya 1:50,000 zinapishana kwa mita 300: tatizo ni datumu au projeksheni?

Mwanajiomatiki
Habari za kazi, wakuu. Niko mwaka wa pili, na somo la projeksheni za ramani (njia za kuhamishia uso wa dunia uliopinda kwenye karatasi bapa) na mifumo ya rejea limenikwamisha katika vitendo. Tulisoma koodineti za nguzo ya upimaji iliyo karibu na Dar es Salaam kwa GPS ya mkononi, kisha tukaitafuta nguzo hiyohiyo kwenye ramani ya topografia. Namba ya kaskazini ya GPS ilipungua kwa karibu mita 300 na ya mashariki ikazidi kwa karibu mita 90, hivyo nukta yetu ikaangukia milimita sita kusini mwa alama iliyochapishwa. Pande zote mbili ni UTM, yaani gridi ya mita inayoigawa dunia katika kanda, ukanda wa 37 Kusini. Ikiwa projeksheni ni ileile, tofauti hii inatoka wapi?

Theodolaiti
Ndugu, projeksheni haina kosa hapo. Soma maandishi ya pembezoni mwa ramani yako na utakuta Arc 1960, datumu (msingi wa rejea wa kupimia koodineti) inayotumia elipsoidi ya Clarke 1880, yaani umbo la kihisabati la dunia lililobonyea kidogo, ambayo nusu-kipenyo chake cha ikweta ni mita 6,378,249.145. GPS yako ilikuwa kwenye WGS84, datumu ya dunia nzima inayotumiwa na GPS, ambako kipimo hicho ni mita 6,378,137. Zaidi ya kutofautiana ukubwa na ubapa, elipsoidi hizo hazina kitovu kimoja, na huko kuhama kwa kitovu ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya mita zako 300. Kinachowaponza wengi ni kwamba UTM huzipa datumu zote mbili longitudo ya kati ileile ya 39° Mashariki, mita 500,000 zilezile za kuanzia upande wa mashariki na mita 10,000,000 zilezile kwenye ikweta. Kwa hiyo namba hufanana sura, na hakuna anayeshtuka hadi aende uwandani.

Upotoshaji wa projeksheni ni jambo jingine kabisa. Kwenye longitudo ya kati kipimo cha UTM ni 0.9996, kwa hiyo kilomita moja juu ya elipsoidi huwa mita 999.6 kwenye gridi. Upungufu huo wa sentimita 40 kwa kilomita uko kwenye gridi zote mbili, kwa hiyo hauwezi kuzaa tofauti ya mita 300.

Mpima wa Bara
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila niongeze tahadhari. Vigezo vitatu ambavyo programu nyingi hutumia kutoka Arc 1960 kwenda WGS84, yaani mita -160, -6 na -302 za kuhamisha kitovu katika mihimili ya X, Y na Z, ni wastani wa Kenya na Tanzania, na kila kimoja kinaweza kukosea kwa mita 20 hivi. Vinafaa kwa ramani ya 1:50,000, lakini anayevitumia kuweka bikoni (alama za mipaka) za viwanja anatafuta kesi mahakamani. Kumbuka pia kwamba ukirudi upande wa pili, alama za kutoa zinageuka kuwa za kujumlisha.

Katika QGIS, programu ya ramani za kompyuta, kulibandika tabaka msimbo wa 32737 (WGS84, UTM 37 Kusini) wakati data zake ni za 21037 (Arc 1960, UTM 37 Kusini) hakubadilishi hata koodineti moja, bali kunalipa jina la uongo. Kwanza litambulishe kwa mfumo wake halisi, ndipo ulihamishe.

Mwanajiomatiki
Nashukuru sana, wakuu. Nimeisoma pembezoni na kweli ni Arc 1960. Je, vigezo hivyo vitanisaidia pia kwenye kimo? Tulipokuwa ufukweni, kipokezi cha maabara kilionyesha zaidi ya mita 20 chini ya sifuri.

Theodolaiti
Hapana, hilo ni suala la jioidi, yaani uso unaokaribiana na usawa wa wastani wa bahari. Kipokezi kilikupa kimo kutoka kwenye elipsoidi ya WGS84, na katika pwani yetu usawa wa bahari uko chini ya elipsoidi hiyo kwa zaidi ya mita 20. Chukua thamani ya jioidi ya mahali hapo (kimo chake juu ya elipsoidi) kutoka EGM2008, modeli ya jioidi ya dunia nzima, uitoe kwenye kimo cha elipsoidi. Kwa kuwa thamani hiyo ni hasi, jibu litapanda hadi karibu na sifuri.